Hojaji ya PHQ-9 kwa Kiswahili: tathmini baada ya duru tatu wilayani Wete

Kwa miaka mitatu nimeipeleka hojaji ya PHQ-9, maswali tisa ya kutambua dalili za sonona, yaani maradhi ya huzuni na kukata tamaa, nyumba kwa nyumba katika shehia za Wilaya ya Wete, Pemba, nikiwa mdadisi wa mradi mmoja wa utafiti ambao sitautaja jina. Tulitakiwa kujua kama hali ya nyoyo na akili za watu inapanda, inashuka au imesimama palepale kadiri miaka inavyokwenda. Tulifanya duru tatu: Aprili 2022, Oktoba 2023 na Aprili 2025. Naandika tathmini hii kwa ajili ya wadadisi wenzangu, wasimamizi wa miradi, na yeyote anayefikiria kuichukua hojaji hii kuipeleka kwa watu wa visiwa vyetu, kwa sababu matokeo yake husomwa katika ofisi zinazoamua kituo gani kipate muuguzi wa afya ya akili na kipi kiendelee kusubiri.

Kwanza nieleze chombo chenyewe. PHQ-9 ilichapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams huko Marekani, na ni maswali tisa yanayohusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, kula, kujiona hufai, kushindwa kutuliza mawazo, mwili kuwa mzito au kukosa utulivu, na la tisa, fikra kwamba ni heri kufa au kujidhuru. Kila jibu lina alama kuanzia 0, yaani hapana kabisa, hadi 3, yaani karibu kila siku, na jumla huwa kati ya 0 na 27. Mstari unaotumiwa sana ni wa alama 10: aliyeufikia huhesabiwa kuwa huenda ana sonona na anafaa kuonwa na mtaalamu. Hojaji ni ya bure, haiombewi kibali, na imeshajaribiwa kwa Kiswahili nchini Kenya na Tanzania Bara. Kwa mradi wenye fedha kidogo hizo ni sifa kubwa, nami sizipunguzi hata moja.

Sifa nyengine ni ufupi wake. Mtu anayesoma na kujaza mwenyewe humaliza kwa dakika tano. Kwetu ilichukua dakika ishirini na zaidi, kwa kuwa mtu wa Pemba ukimuuliza kama ana huzuni hatakujibu kwa namba kabla hajakueleza huzuni hiyo imetoka wapi, na si adabu kumkatiza. Sikuona kuwa hilo ni kasoro. Maelezo yale ndiyo yaliyonifundisha kasoro ya kweli iko wapi.

Iko katika maneno matano: zaidi ya nusu ya siku. Hilo ndilo jibu lenye alama 2 katika tafsiri tuliyopewa, na aliyelitunga alikusudia zaidi ya nusu ya zile siku kumi na nne. Lakini neno siku katika Kiswahili halibadiliki likiwa moja wala likiwa mengi, na msikilizaji asiyeona karatasi ana haki kamili ya kusikia jambo jengine kabisa. Oktoba 2023, huko Mtambwe, nilikaa barazani na bibi mmoja aliyekuwa akisuka ukili, msuko mrefu umejiviringa pembeni mwa goti lake. Nilimwuliza kama amekuwa na huzuni au kukata tamaa, nikamsomea majibu manne kama yalivyoandikwa. Hakusita. "Zaidi ya nusu ya siku," alisema. "Asubuhi naamka nayo, na adhuhuri inapita ningali nayo. Nikishasali alasiri, roho hutua." Nikamwuliza ni kwa siku ngapi. "Siku mbili hizi, mwanangu, tangu mjukuu wangu alipopanda meli kwenda Unguja."

Kwa maana ya waliotunga hojaji, bibi yule alistahili alama 1, siku chache. Maelekezo yetu yalikuwa tusome kama ilivyo na tuandike kama tulivyojibiwa, kwa hiyo kishikwambi kilipokea 2. Tangu siku ile nilianza kumwuliza kila mtu "siku ngapi?" baada ya jibu lake na kuandika pembeni katika daftari langu, na watu waliosikia nusu ya mchana pale palipokusudiwa nusu ya wiki mbili walikuwa wengi mno kwangu kuwaita wachache waliokosea. Waliosoma skuli hadi sekondari walikosea pia, kwa kuwa tatizo halikuwa lao.

Kabla ya duru ya tatu wasimamizi walisahihisha tafsiri. Jibu likawa "zaidi ya siku saba kati ya hizo kumi na nne", ambalo ni sahihi na halina utata. Wastani wa alama ukashuka, na taarifa ya mradi ikaandika kwamba hali ya watu imekuwa nafuu. Nilieleza kwa maandishi kwamba huenda kilichoshuka ni kosa letu wenyewe, nikajibiwa kwamba hilo ni suala dogo la lugha. Nalitaja hapa kwa uchungu, kwa sababu unafuu ulioandikwa kwenye taarifa unaweza kumnyima mtu huduma anayoihitaji, na kwa sababu dawa ilikuwepo na haikuwa na gharama yoyote. Katika duru ya kubadilisha maneno, nusu ya watu wangeulizwa kwa maneno ya zamani na nusu kwa maneno mapya, kishikwambi chenyewe kikichagua kwa bahati nasibu. Tofauti baina ya makundi mawili ndiyo ingekuwa kipimo cha mabadiliko ya maneno, na baada ya kuiondoa, kinachobaki ndicho kingekuwa mabadiliko ya watu. Bila ya daraja hilo, duru ya kwanza na ya pili ziko ng'ambo moja na ya tatu iko ng'ambo nyengine.

Jambo la pili ni majira, nalo linahitaji nafasi yake. Oktoba huku Pemba karafuu ziko mitini na nyengine ziko majamvini. Anayechuma huamka alfajiri, jioni familia nzima hukaa kuchambua, na usiku masikio yote yako juu ya bati kusikiliza kama vuli imeanza kudondoka, kwa kuwa karafuu ikinyeshewa kabla ya kukauka huharibika na bei yake huanguka. Mzee mmoja nilipomwuliza kuhusu usingizi alinitazama kama ninayeuliza jua linatoka upande gani. "Nani alalaye na karafuu zi nje?" alisema. Akapata 3. Kuhusu uchovu, 3 tena. Hamu ya kula, 2, kwa kuwa anakula akiwa amesimama. Mzee alikuwa mchangamfu, mfukoni ana matumaini ya fedha za mwaka, na hakuwa na huzuni hata chembe, lakini maswali matatu tu yalimpa alama 8. Usingizi, uchovu na kula peke yake vinaweza kumfikisha mtu alama 9 kati ya 27, pungufu ya alama moja tu kufika kwenye mstari.

Mtu atasema, basi ulizeni mwezi mmoja kila mwaka, mfano Aprili, karafuu zikiwa zimekwisha. Tulifanya hivyo katika duru ya kwanza na ya tatu, na hapo tukakutana na kalenda nyengine. Aprili 2022 karibu yote ilikuwa Ramadhani. Aprili 2025 Sikukuu ya Idi ilikuwa imeshapita. Katika mwezi wa kufunga watu huamka kula daku, husali tarawehe, hushinda bila kula, na usingizi wao hukatwa vipande viwili. Ukimwuliza mtu huyo kama amelala vizuri, kama amechoka na kama ana hamu ya kula, unapima ibada yake pamoja na maradhi, na hojaji haina njia ya kuvitenganisha. Mwaka wa Hijria unarudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa miladi, hivyo utafiti wa Aprili kila mwaka utaingia Ramadhani miaka kadhaa na kutoka miaka mingi, na wastani wake wa alama utapanda na kushuka kwa sababu hiyo tu. Ushauri wangu ni kuandika tarehe zote mbili, ya Hijria na ya miladi, kwa kila kaya, kuandika kama kaya inachuma karafuu wakati huo, na wakati wa uchambuzi kuyatoa maswali matatu ya mwili na kuangalia yale sita yaliyobaki yanasema nini. Kama tisa yanashuka na sita yamesimama, kilichobadilika ni msimu.

Swali la saba nalipitia haraka. Linauliza kuhusu kutuliza mawazo, na mfano wake ni kusoma gazeti au kutazama televisheni. Wengi tuliowauliza hawasomi gazeti. Mfano wa kusikiliza hotuba ya Ijumaa mpaka mwisho, au kusuka bila ya kukosea mshazari, ungefahamika mara moja. Lakini nao uwekwe mwanzoni mwa kazi na usibadilishwe katikati.

Sasa niseme kuhusu namba, kwa kuwa hapo ndipo taarifa nyingi zinapoteleza. Katika utafiti wa awali wa mwaka 2001, mstari wa alama 10 uliwatambua asilimia 88 ya wenye sonona kubwa na kuwaacha sahihi asilimia 88 ya wasiokuwa nayo. Inapendeza kusikia. Lakini chukua watu 1,000 kijijini na tuseme 50 kati yao ndio wanaoumwa kweli. Hojaji itawakamata 44 kati ya hao, na katika wale 950 waliobaki itawahesabu 114 wasiokuwa na maradhi. Jumla ni watu 158 juu ya mstari, na zaidi ya theluthi mbili yao hawana sonona. Anayeandika kwamba asilimia 16 ya wanakijiji wana sonona amesema jambo ambalo hojaji haikusema. Hata hivyo, kwa kazi ya kufuatilia mabadiliko, kosa hili linavumilika kama linabaki lilelile mwaka hadi mwaka, kama vile mizani yenye gramu mbili za ziada inavyoweza kukuonesha mtoto anaongezeka uzito. Balaa ni mizani kubadilishwa katikati.

Wingi wa watu nao una sheria yake. Ukiwauliza watu 400 na asilimia 12 wakawa juu ya mstari, ukweli uko baina ya asilimia 9 na 15 hivi. Ukirudi baada ya miaka miwili kwa watu 400 wengine ukapata 15, huna haki ya kusema hali imezidi kuwa mbaya, kwa kuwa tofauti inayoweza kutokea kwa bahati tu baina ya duru mbili za ukubwa huo inafika pointi nne na nusu. Na kwa kuwa sisi huchagua shehia kwanza kisha kaya ndani yake, na watu wa shehia moja hufanana, tofauti ya bahati ni kubwa zaidi ya hapo. Nimeona chati yenye tofauti ya pointi mbili ikipigiwa makofi ukumbini, na nilinyamaza. Leo nisingenyamaza.

Je, kuna chombo kilicho bora? Nimekitumia pia kipimo cha WHO-5 cha Shirika la Afya Duniani, chenye sentensi tano za mambo mema: nimekuwa mchangamfu, nimekuwa na utulivu, na kadhalika, ambacho alama zake 0 hadi 25 huzidishwa kwa nne zikawa kati ya 0 na 100. Ni chepesi, hakigusi kifo, na mdadisi mpya hapati woga wa kukisoma mbele ya wakwe na watoto, maana nyumba zetu hazina faragha ya kutosha kwa swali la tisa la PHQ-9. Lakini kwetu kina udhaifu wake wa pekee. Ukimsomea Muislamu mwenye adabu kwamba amekuwa na furaha na utulivu, jibu lake ni Alhamdulillahi, na ukimbana aseme siku ngapi anaona kama unamtaka amkufuru Mola wake. Alama hupanda juu na kubaki hukohuko. Maswali ya shida, pamoja na makosa yake yote, yanapata jibu la kweli zaidi kwa mtu ambaye hataki kulalamika lakini ukimwuliza usingizi atakwambia hakulala.

Wengine hupendekeza tuachane na hojaji na tuhesabu wagonjwa katika rejesta za vituo vya afya. Rejesta ni muhimu kwa kujua huduma, ila kwa kujua hali ya watu zinadanganya kwa urahisi: kituo kikipata muuguzi aliyesomea maradhi ya akili, idadi hupanda mwezi uleule, na akihamishwa hushuka, wakati wagonjwa wako majumbani au kwa waganga palepale walipokuwa. Hojaji inayomfuata mtu mlangoni haina udhaifu huo, na ndiyo maana bado naitetea.

Mfano wa kazi hii ikifanywa kwa subira uko Uingereza, ambako tangu mwaka 1993 utafiti wa afya ya akili ya watu wazima umekuwa ukirudiwa kila baada ya miaka kadhaa kwa kutumia mahojiano yaleyale ya msingi. Kwa kuwa kipimo hakikubadilika, wanapoeleza kwamba maradhi ya kawaida ya akili kwa watu wa miaka 16 hadi 64 yalikuwa asilimia 17.6 mwaka 2007 na 22.6 katika duru ya 2023 na 2024, wana cha kusimamia. Sisi tuna kila sababu ya kuanza subira hiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na vishikwambi vilifika hadi visiwa vidogo vinavyofikika kwa mtumbwi tu. Njia za kufika kwa watu tunazijua.

Na sababu ya kuanza naijua pia kwa moyo wangu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kuja Pemba, siku chache tu baada ya Idi. Hakuna kijiji ninachokijua ambacho hakikupata msiba. Watu wazima niliowaona wakati ule waliacha kula, waliacha kwenda bandarini, wengine waliacha kusema. Walipoa lini? Wangapi hawakupoa? Katika shehia yangu hakuna aliyekuwa ameulizwa lolote kabla ya hapo, kwa hiyo hakukuwa na cha kulinganisha nacho. Kila mara ninapochoka kupanda na kushuka vilima vya Mtambwe na kishikwambi mkononi, nalikumbuka hilo.

Swali la tisa linahitaji neno la mwisho, na halihusu lugha. Mzee wa miaka themanini akisema anamwomba Mungu amchukue, mara nyingi anaomba mwisho mwema, na mdadisi aliyefunzwa atamsikiliza zaidi kabla ya kuandika. Lakini kijana akisema siku kadhaa amefikiria kujidhuru, mradi uwe umeshajua nani atamwona kesho. Hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu iko Unguja, na kwa mtu wa Konde, huku Pemba, hiyo ni safari ya gari na meli. Sisi tulipewa karatasi yenye jina la kituo cha karibu tuwaachie watu. Kwangu hiyo haitoshi, na mradi usioweza kupanga zaidi ya hapo afadhali utumie maswali manane ya kwanza, ambayo yana toleo lake linalotambulika la PHQ-8.

Basi tathmini yangu ni hii: kwa kumwangalia mtu mmoja mbele ya daktari, PHQ-9 ya Kiswahili ni chombo kizuri. Kwa kufuatilia watu wa kisiwa kizima kwa miaka, ni chombo kizuri kwa atakayekubali kukifunga maneno yake tangu siku ya kwanza, kuyaweka mahali salama, na kutoyagusa bila ya daraja. Mimi sasa hutembea na mbegu kumi na nne za ubuyu katika kifuko. Namwagia mtu mkekani, namwomba atenge moja kwa kila siku aliyokuwa na hali ninayoitaja, kisha nazihesabu mbele yake. Hakuna tena nusu ya siku, na hata asiyesoma hunisahihisha nikihesabu vibaya.

Aprili 2025 kura iliangukia tena nyumba ya bibi wa Mtambwe. Alinikaribisha palepale barazani, mjukuu amesharudi na anachota maji. Nilimsomea swali la huzuni kwa maneno mapya. Alisimamisha ukili, akaniangalia. "Mwanangu," alisema, "mwaka juzi hukuniuliza hivi. Mbona umebadilisha?"